Kisu cha Bowie Huchaguliwa Kuanzia Mpinini

Wapenzi wa visu wana ubishi wao usiokwisha, na ukikaa nao meza moja utausikia kabla kahawa haijapoa: kati ya visu vyote vya Bowie vilivyofuliwa kwa mkono ulivyowahi kushika, ungebaki na kipi kama vingine vyote vingechukuliwa? Nimekaa kwenye ubishi huo miaka kadhaa, kwanza kama msikilizaji, sasa kama mbishi mwenzao, na nina upande wangu. Nasema kisu cha Bowie huchaguliwa kuanzia mpinini. Wenzangu wengi huanzia kwenye bapa, na hapo ndipo tunapogombana.

Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Lindi, makazi yangu Dallas. Mizigo yangu mingi hupita barabara ya Interstate 30 kwenda Little Rock, na barabara hiyo inakatiza katikati ya nchi ya wahunzi bila wasafiri wengi kujua. Ukifika mji wa Hope, Arkansas, ukaingia ndani maili chache kuelekea kaskazini magharibi, unakuta kijiji cha zamani kinachoitwa Washington. Si Washington ya Ikulu. Hii ni Washington ya barabara za vumbi, nyumba za mbao, na karakana ya uhunzi inayofuka moshi. Huko ndiko nilikoanza kuelewa kwamba hawa jamaa wana elimu yao.

Kwa asiyekijua, Bowie ni jisu la kiunoni la Kimarekani. Bapa lake mara nyingi lina urefu wa inchi nane mpaka kumi na mbili, makali yako upande mmoja, na karibu na ncha mgongo umebonyezwa kwa kuchongwa ili ncha itoke kali. Pale bapa linapokutana na mpini pana kipande cha chuma au shaba kilicholala msalaba, kuzuia vidole visiteleze kwenda kwenye makali. Jina ni la James Bowie. Tarehe 19 Septemba 1827, kwenye ukingo wa mchanga wa mto Mississippi karibu na mji wa Natchez, wanaume wawili walikutana kumaliza ugomvi wao kwa bastola. Wakafyatuliana, risasi hazikumpata mtu, wakapeana mikono. Basi, ugomvi wa wenyewe ukaisha, wa wasindikizaji ukaanza. Bowie, aliyekuwa msindikizaji, alipigwa risasi, akachomwa kwa upanga uliofichwa ndani ya fimbo, na akiwa katika hali hiyo akamuua Norris Wright kwa kisu chake. Magazeti yakaibeba habari, na ghafla kila mwanamume wa Kusini akataka kisu cha namna hiyo. Jimbo la Alabama mwaka 1837 likaona lisipovizuia patakuwa hapakaliki, likaweka kodi ya dola 100 kwa kila kisu cha Bowie kinachouzwa. Mwenyewe Bowie alikuwa ameshakufa, vitani Alamo, huko Texas, tarehe 6 Machi 1836, na kisu chake hakijaonekana tena.

Kwa hiyo hakuna mtu aliye hai anayeweza kukuonyesha kisu chenyewe. Kaka yake, Rezin Bowie, aliandika barua mwaka 1838 akisema cha kwanza alikitengeneza yeye, cha kuwindia, bapa la inchi tisa na robo, upana wa inchi moja na nusu, makali upande mmoja, na halikupinda. Yasome maelezo hayo polepole. Hicho ni kisu cha buchani! Na vile ambavyo Rezin aliwatengenezesha mafundi baadaye ili awape marafiki, mmoja wao akiwa Searles wa Baton Rouge, vina mgongo ulionyooka na sura ya upole kabisa. Lile jisu lenye ncha ya kuchongwa ambalo wengi wetu tunalijua lilisambaa baadaye, na mengi yalitoka Sheffield, Uingereza, kwa watengenezaji kama Joseph Rodgers na George Wostenholm, yakapakiwa melini kwenda kuuzwa Marekani kama bidhaa ya Kimarekani.

Naeleza haya kwa sababu utakutana na mtu atakayekuambia kisu fulani si Bowie halisi. Mwache aseme. Kukiwa hakuna mfano wa asili, kila fundi anafua Bowie yake mwenyewe, na wewe unayechagua unachagua mawazo ya fundi. Huo ndio uhuru uliowafanya wapenzi wa kisu hiki wasichoke nacho karibu miaka mia mbili sasa.

Washington, Arkansas, ina hadithi yake. Inasimuliwa kwamba mhunzi wa pale aliyeitwa James Black ndiye aliyemfulia Bowie kisu chake. Wanahistoria wanavutana juu ya hilo, ila kijiji kimeshaamua. Chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilifungua shule pale mwaka 1988, na siku hizi ipo shule nyingine yenye jina la James Black chini ya chuo kikuu cha jirani. Mara ya kwanza nilifika kwa sababu sheria ya barabara ilinitaka nipumzike na sikutaka kulala mchana. Niliacha lori Hope, nikapata lifti. Ndani ya karakana kijana alikuwa akifua chuma chekundu juu ya fuawe, na mzee amesimama nyuma yake akisema neno moja moja. Nikauliza ni chuma gani. Mzee akanielekeza pembeni, kwenye lundo la springi za gari.

Nilicheka kwa sauti. Wafua vyuma wa kwetu, wale wanaokaa nyuma ya soko na viriba vyao, panga na shoka wanazitoa kwenye springi hizo hizo za malori. Hapa wanaziita kwa namba, 5160, chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromiamu kidogo, lakini ni kile kile. Mzee alifurahi kusikia. Akaniuliza kwetu wanakikaza kwa maji au kwa mafuta. Tukaanza urafiki hapo.

Ni yeye aliyenifundisha somo la mpini, siku nyingine, kwenye maonyesho. Meza yake ilikuwa na visu kama dazeni hivi vimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Kuna adabu zake kwenye meza hizo: huokoti kisu bila kuomba, hushiki bapa kwa vidole kwa kuwa jasho linaacha kutu, na hujaribu makali mpaka mwenye mali akuruhusu. Niliomba. Akanipa kimoja akaniambia, "Fumba macho." Nikafumba. Akakichukua, akakigeuzageuza, akanirudishia mkononi. "Makali yako wapi?" Bila kufumbua nikamwonyesha kwa kidole cha mkono wa pili: chini, kidogo kushoto. Sawa. Akanipa kingine, kizuri zaidi kwa sura, fedha imezungushwa kotekote, ila mpini wake ulikuwa wa mviringo mtupu kama wa ufagio. Nikakishika, nikakipapasa, sikujua makali yanaelekea wapi. "Hicho," akasema, "kitakugeukia mkononi siku mikono yako ina damu ya paa."

Kisha akafungua somo lenyewe. Mpini mzuri ukiukata kwa upana unapata umbo la yai, na upande mwembamba na upande mnene unauambia mkono makali yako wapi hata gizani. Katikati unavimba kidogo ujaze kiganja. Mwishoni unapanuka au unapinda chini, ili ukikata kwa nguvu kisu kisichomoke kikaruka. Nyuma ya ile kinga ya vidole unabana kidogo, ndipo kidole cha shahada kinapokaa. Nilirudia mkono wangu kwenye visu vyote vya meza ile, na nikaona jambo ambalo picha haikuonyeshi kamwe: visu viwili vyenye bapa moja, urefu mmoja, uzito unaokaribiana, kimoja kinatulia mkononi na kingine kinagoma.

Mipini ya zamani ya umbo la jeneza, ile iliyo tambarare na yenye pembe mwishoni, wengi wanaipenda kwa sababu ya historia. Mimi naipenda kuitazama. Ukianza kukata nayo, zile pembe zinakula kiganja, isipokuwa fundi ameyapunguza makali yake kwa tupa, na fundi anayejua hufanya hivyo bila kuambiwa. Pia upo mpini unaoitwa wa mfupa wa mbwa, umevimba ncha zote mbili na kukonda katikati. Nilidhani ni pambo tu. Kumbe unashikika vizuri mno.

Jambo jingine la mpinini halionekani kabisa, nalo ni msuka, ule mkia wa chuma wa bapa unaoingia mpinini. Kuna visu ambavyo msuka wake ni mpana sawa na mpini, vipande viwili vya mbao vimebandikwa kulia na kushoto na kupigwa misumari. Kuna vingine ambavyo msuka ni mwembamba, umeingizwa ndani ya mpini wa kipande kimoja na hauonekani. Watu wa kwetu nikiwaonyesha hiki cha pili wananiambia kitavunjika. Bowie nyingi zinazopendwa na wajuzi ni za msuka wa ndani. Chuma kikipungua nyuma, uzito unakwenda mbele kwenye bapa, kisu kinakata chenyewe. Kinachouvunja msuka si wembamba wake. Ni fundi aliyekaza chuma chote mpaka nyuma badala ya kuuacha msuka uwe laini, au aliyeacha kona kali pale msuka unapoanzia, na ufa ukaanzia hapo. Muulize. Fundi mwenye kazi safi hufurahi kuulizwa swali hilo, na asiye nayo hubadilisha mazungumzo.

Ukishaupitisha mpini, geuza kisu utazame mgongo kutoka juu, jicho likiwa nyuma ya mpini. Unene unatakiwa kupungua taratibu kutoka kwenye kinga mpaka nchani. Kwenye kisu cha bapa la inchi kumi, kuanzia milimita 6 na kumalizia 2 karibu na ncha ni jambo la kawaida kwa mafundi wazuri. Ile mitelemko miwili ya bapa ianzie mahali pamoja kulia na kushoto. Tazama kinga ilivyokaa juu ya chuma: isipite hata nywele. Kiinue kwenye mwanga, kama kuna tundu utaliona. Halafu kiweke juu ya kidole kimoja kitulie. Kikitulia mbele ya kinga kidogo, ni kisu cha kukata. Kikitulia kwenye kinga yenyewe au nyuma yake, ni chepesi cha kuchezesha. Yote mawili ni sawa, mradi ujue unachotaka.

Na chuma chenyewe? Hapo macho hayasaidii hata kidogo. Kazi kubwa ya mhunzi hufanyika kwa dakika chache: kukipasha chuma mpaka sumaku isikishike na kupita hapo kidogo, kukizamisha kwenye mafuta kikazike, kisha kukilegeza kwenye joto la nyuzi kama 200 ili kisiwe na ugumu wa kioo. Akikosea hapo, kisu kitabaki na sura ile ile kwenye picha na hakitafaa kitu. Ndiyo maana nauheshimu sana mtihani wa American Bladesmith Society. Chama hicho kiliundwa mwaka 1976, na aliyekipa uhai zaidi ni Bill Moran, yule yule aliyeleta kwenye maonyesho ya Kansas City mwaka 1973 visu vya chuma cha Dameski, kile chenye michoro kinachofuliwa kwa tabaka, na kuwaamsha wahunzi wa Marekani nzima.

Mtahiniwa analeta kisu ambacho bapa lake halizidi inchi kumi na upana wake hauzidi mbili. Anasimamishwa mbele ya kamba ya katani yenye unene wa inchi moja, inaning'inia haikushikwa chini, na lazima aikate kwa pigo moja. Halafu anakata ubao wa mbili kwa nne mpaka ukatike, mara mbili. Baada ya hapo, bila kunoa, makali yale yale yanyoe nywele za mkono. Nimeona mwanamume mzima akitetemeka akinyoa mkono wake mwenyewe mbele ya mkaguzi. Mwisho kisu kinabanwa kwenye vaisi na kupindwa mpaka nyuzi 90. Makali yanaweza kupata ufa mdogo, lakini bapa lisikatike. Kisu kimekufa, fundi amefaulu. Hiyo ni ngazi ya kwanza tu, na bado analeta visu vingine vitano kukaguliwa ufundi na umaliziaji. Ngazi ya juu anarudia yale yale kwa kisu cha Dameski chenye tabaka zisizopungua 300, na kati ya visu vyake vitano kimoja kiwe jambia la Kizungu lenye mpini wa mifereji uliozungushiwa waya.

Kwetu tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Visu vingi vya jamaa hawa havijaona nyama hata siku moja. Vinalala kwenye masanduku ya velveti, vinatolewa Jumapili vipakwe mafuta, vinarudi. Zamani niliona ni upuuzi, siku hizi simlaumu mtu. Lakini nashauri ununue kwa fundi ambaye amewahi kukivunja kisu chake mwenyewe makusudi akajua kinavunjika wapi.

Nina rafiki, dereva mwenzangu kutoka Eldoret, tunakutana kwenye maonyesho ya Atlanta mwezi Juni tukijaliwa mzigo wa kwenda huko. Yeye kwake ni Dameski, basi. Anapenda michoro: ngazi, msokoto, matone ya mvua. Michoro hiyo si rangi. Fundi anapanga vyuma viwili kwa zamu, mara nyingi kimoja chenye nikeli kidogo, anaviunganisha kwa moto na nyundo, anavikunja, anavifua tena, na mwisho anavizamisha kwenye asidi. Chenye nikeli kinabaki king'avu, kingine kinakuwa cheusi. Rafiki yangu anaweza kusimama mbele ya kisu kimoja nusu saa. "Wewe ndugu yangu wa Bongo," ananiambia, "umepewa mbingu yenye nyota, unatazama mlango." Mimi namjibu mlango ndio unaoingilia.

Tumekubaliana jambo moja, kwamba Dameski ya bei ya chee si Dameski ya kununua. Mtandaoni kuna majisu ya michoro mizuri kwa dola sitini au sabini. Mhunzi anayekaa siku nzima kuunganisha tabaka hawezi kukuuzia kwa bei hiyo na akala. Kwa kazi ya mkono ya fundi aliyefaulu, jiandae kuanzia mamia kadhaa ya dola kwa chuma cha kawaida, na kwa jina kubwa hesabu inaingia maelfu. Ukiwa na fedha kidogo, chukua chuma cha kawaida cha fundi mzuri, uiache michoro.

Mwenzetu wa tatu, mwalimu mstaafu wa Kimarekani, yeye anataka cha kihistoria tu. Mgongo ulionyooka, kinga ndogo au hakuna kabisa, mpini wa mti wa jozi, fedha kidogo. Huyo alinipeleka kwenye jumba la Historic Arkansas Museum pale Little Rock kuona mkusanyiko wa visu vya zamani, kikiwemo kile kinachoitwa Bowie No. 1. Nilitegemea kuona visu vizito. Vingi ni vyembamba kuliko nilivyowaza, vya watu waliovaa kisu kutwa nzima na hawakutaka kubeba mzigo. Tangu siku hiyo nikiona kisu cha kisasa chenye unene wa milimita nane mgongoni nakiona ni nondo yenye makali.

Nije kwenye mbao, kwa sababu hapa nina maslahi binafsi. Mipini ya Bowie huwa ya pembe ya kulungu mkubwa wa India aitwaye sambari, mifupa, mijozi, miti migumu ya jangwani, na zamani meno ya tembo. Meno ya tembo bado yapo kwenye visu vikuukuu na baadhi ya watu wanayalilia. Marekani ilibana karibu biashara yote ya meno ya tembo wa Afrika kuanzia Julai 2016, miezi michache baada ya Kenya kuchoma tani 105 pale Nairobi mwezi Aprili. Mafundi wengi wakahamia kwenye meno ya mamothi, yule mnyama wa kale anayefukuliwa kwenye barafu ya Alaska na Siberia, ingawa yako majimbo yaliyokataza hata hayo. Mimi mpini wa tembo siugusi hata uwe na umri wa babu yangu. Lindi ni mlango wa Selous, pori la tembo, na tunajua nani alilala na njaa na nani aliondoka na fedha.

Siku moja mhunzi wangu alinitolea kipande cha mti mweusi, akasema huu ndio mti ninaoupenda kuliko yote, kutoka Afrika, hujawahi kuona kitu kigumu hivi. Nikakishika tu nikajua. Uzito ule! Upande mmoja ulikuwa na ukanda mwembamba wa rangi ya krimu pale moyo mweusi wa mti unapoishia. Mpingo. Nimekua nikiona vinyago vyake vya Wamakonde, na najua kwamba kigogo cha mpingo ukikitupa majini kinazama. Nikamwambia mti huu unaota kwetu, Kilwa na Nachingwea, na unachukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Kumbe kwa wapenzi wa visu mpingo una jina kubwa. Haunywi maji, hauvimbi, unasuguliwa kwa msasa mpaka unang'aa bila varnishi, na unabaki vile vile miaka mingi, sifa zile zile zilizoufanya ukatengenezewa zumari na klarineti za Ulaya. Una vituko vyake pia. Una mafuta ya asili, kwa hiyo fundi asipoufuta kwa asetoni kwanza, gundi haishiki. Vumbi lake linawasha pua na ngozi. Na ukikaushwa kwa haraka unapasuka. Hilo la mwisho nilithibitishiwa na mjomba wangu aliyewahi kufanya kazi ya magogo. Nilimpigia simu. "Mpwa wangu," akasema, "paka nta kwenye ncha zote mbili, weka kivulini, sahau. Ukiuharakisha utakuonyesha." Kisha akauliza huko wanauza bei gani. Nikamtajia bei ya kipande cha kutosha mpini mmoja. Kimya. "Kwa kipande? Si kwa gogo?"

Tangu hapo nikiona mpini wa mpingo nauliza umetoka wapi. Tangu 2 Januari 2017 miti yote ya jamii hiyo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mbao zake zinavuka mipaka kwa vibali. Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao kisheria, vilivyopata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kuanzia mwaka 2009, na fedha za gogo zinabaki kijijini. Fundi anayeweza kukuonyesha karatasi za mbao yake anastahili dola zako kuliko anayesema "niliokota mahali." Mafundi wachache nimewauliza hivyo wakanitazama kwa kushangaa, wakidhani nawakagua. Nawakagua kweli.

Mengine kwa haraka. Chuma cha kaboni kinakula kutu, kipake mafuta mepesi na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi inavuta unyevu, ala ni ya kubebea. Doa la kijivu linalojitokeza ukishakata nacho ndimu au nyama si uchafu, liache. Kuhusu sheria, Texas iliondoa kisu cha Bowie kwenye orodha ya silaha haramu kuanzia 1 Septemba 2017, lakini kisu cha bapa refu kuliko inchi tano na nusu bado kina mahali hakiruhusiwi, shuleni kwa mfano, na kila jimbo lina yake. Dereva anayevuka majimbo matano kwa wiki anapaswa kuyajua hayo kabla ya polisi kumfundisha.

Nyumbani nako kuna mkaguzi. Mama watoto alipoona nimeanza kukusanya makala na vipimo alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba watoto, hilo jisu la nini? Tunachinja ng'ombe humu?" Nikamwambia la kutazama. Akasema vya kutazama tunavyo, kuna televisheni. Tukaelewana kwamba kitakuwa kimoja tu, na kwamba cha jikoni kitatangulia. Kwa hiyo mhunzi amekwisha mfulia yeye kisu cha jikoni, chuma kile kile cha 5160, na sasa hakuna mtu anayeruhusiwa kukigusa.

Changu nimeagiza: bapa la inchi tisa na robo kwa heshima ya Rezin, mgongo ulionyooka mpaka karibu na ncha, msuka wa ndani, pete nyembamba ya shaba kati ya bapa na mpini, mpini wa mpingo usio na pambo lolote. Rafiki yangu wa Eldoret ameniita mtu asiye na macho. Mhunzi alinitaka niweke kiganja changu juu ya karatasi nichore kukizunguka, vidole vimeachana, na nipime upana wa mkono nikiwa nimeukunja. Nikamtumia. Akanijibu kwamba kidole changu cha shahada ni kirefu kuliko alivyokisia, itabidi aubane mpini sehemu ya mbele zaidi, na nisimsumbue mpaka mwakani.